Mbeleko ya Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mnaocheka punda, sogeeni karibu. Hii inawahusu.

Hapo kale vita vilikikuta kijiji kimoja. Vijana wakapanda kilimani kuziba njia, na adui akashindwa kupita. Lakini ushujaa haujazi tumbo. Unga uliwaishia, wakawa wanatafuna majani. Miongoni mwao alikuwamo Shee, mjukuu wa pekee wa Bi Mize.

Bi Mize, bibi wa watu, alikuwa mfuga punda. Punda wake kiongozi alimwita Tausi, wala hakuona haya. Tausi alikuwa amezaa juzi tu.

Jemadari Kombo akaja kuwapakia punda magunia ya unga ya kupeleka kilimani. Akamwona mtoto wa Tausi anayumbayumba.

"Huyu abaki. Atatuchelewesha."

"Mwanangu, mtoto akibaki, mama hafiki," akasema Bi Mize.

"Bibi, dawa ya punda fimbo."

Haya. Wakaenda, ko-ko, ko-ko, mpaka mtoni. Tausi akasimama. Wenzake nyuma wakasimama. Fimbo ikalia, pwa! Hakwenda. Pwa! Hakwenda. Pwa! Akarusha teke, jemadari chubwi majini.

"Fadhila ya punda mateke," akanung'unika.

Habari zikamfika Bi Mize. Moyo ukamwuma kwa Tausi, ukamwuma kwa Shee. Akatoa mbeleko kuukuu aliyombebea Shee utotoni, akambeba mtoto wa punda mgongoni. Mzito huyo! Magoti yakalia ka, ka. Miguu mirefu ikaning'inia huku na huku. Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akaenda zake.

Akafika mtoni. Akapita mbele, akaingia majini. Tausi akanusa, akamfuata. Wenzake wakamfuata Tausi. Ko-ko, ko-ko, mpaka kileleni.

Shee alikuwa mifupa mitupu. Alipomwona bibi yake, alilia.

"Bibi, huyo mgongoni nani?"

"Mdogo wako. Ndiye aliyekuletea unga."

Vijana wakayarukia magunia. Bi Mize akawazuia.

"Watueni punda mizigo kwanza. Wapeni maji." Kisha akamgeukia jemadari. "Mwanangu, Tausi katuletea uhai, nasi tumempa fimbo. Hebu niambie, mwenye fadhila za mateke ni nani?"

Jemadari alichukua kata, akamnywesha Tausi kwa mkono wake mwenyewe.

Basi, wanangu, anayekubebea mzigo mwulize kwanza amemwacha nani nyumbani.

Ngano yangu imetua mzigo hapa.