Ahadi Tatu za Tusekile

Sogeeni karibu, mkubwa kwa mdogo. Kisa hiki si cha kucheka sana wala si cha kulia. Ni cha kukuna kichwa. Nimekisimulia msibani, nimekisimulia harusini, na kote huko watu wameondoka wakibishana. Mahali pamoja hata wapishi waliacha wali ukaungua.

Huko Rungwe, kwenye milima ya chai ambako mvua haina adabu ya kungoja msimu, palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Subilaga, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa na jicho la hesabu. Ukimsomea ulichonunua sokoni, anakuambia ulipopunjwa. Tumpe, mchuma chai, alikuwa na mikono. Wenzake wakijaza kikapu kimoja, yeye yuko nusu ya cha pili, na hutakuta jani gumu ndani yake. Ambakisye, dereva wa zamani, alikuwa na sikio. Gari likipita nyuma ya nyumba anakuambia linaumwa wapi. Na subira pia alikuwa nayo, ya kumwelekeza mtu jambo moja mara ishirini bila kupandisha sauti.

Katikati yao alikuwepo Tusekile. Kwa Subilaga alikuwa mama. Kwa Tumpe alikuwa mwenzake wa shambani. Kwa Ambakisye alikuwa shemeji, mjane wa kaka yake. Wenzake walikuwa na vipawa; yeye alikuwa na madeni.

Mumewe aliugua miaka miwili kabla ya kufariki, na ugonjwa ule ulikula vyote, vinavyolika na visivyolika. Alipozikwa, Tusekile alibaki na watoto watatu, kikapu cha kuchumia, na madeni sehemu tatu: kikoba cha akina mama wanaokopeshana, duka la pale njia panda, na bwana mmoja aliyekopesha fedha za mazishi kwa riba. Akawa anachuma chai mchana kutwa, na jioni anaulizwa na huyu au yule, "Mama Subi, vipi?" Watu hawakumtukana. Walisema "vipi" tu, naye akawa anapita njia ya makaburini ili asikutane nao.

Sasa siku moja dereva wa kenta, lile lori dogo linalokusanya majani mabichi, hakutokea. Wakulima waliketi kituoni na magunia yao tangu asubuhi. Kufika alasiri majani yamepata joto ndani ya magunia, yamebadilika rangi, yamekuwa takataka. Jasho la watu likamwagwa mtaroni. Tusekile alisimama akaitazama kenta, ambayo ilikuwa imeegeshwa palepale, nzima, na mafuta ndani yake.

Kesho yake alikwenda kwa mwenye gari, Mzee Mwaikenda.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuwa dereva wako."

Mzee hakucheka. Alimuuliza, "Unajua kuendesha?"

"Sijui. Nitajifunza."

"Gari la pili nalipokea baada ya miezi sita. Ukija na leseni, nitakupima kama ninavyowapima wanaume. Lakini jambo moja, mama. Dereva mwenye madeni huuza dizeli. Sikutukani, yangu imeshauzwa sana. Uje na leseni, na uje na neno la wanaokudai kwamba mmemalizana."

Tusekile alirudi nyumbani kichwa kimejaa. Kujifunza kunataka muda, na muda ule ndio wa kuchuma. Akiacha kuchuma, madeni yatalipwa na nini? Akilipa madeni, fedha ya leseni itatoka wapi? Kila alikoshika, upande wa pili ulichomoka.

Wa kwanza kumshika mkono alikuwa Subilaga. Alichukua daftari, akaketi na mama yake jikoni, akamwambia, "Mama, nitajie vyote, hata vile unavyoona haya." Wakataja hadi kibiriti. Binti akafuta sukari, akafuta nyama, akafuta michango ya sherehe za watu wasiowajua vizuri. Akaenda mwenyewe dukani na kwenye kikoba, akaomba walipwe kidogo kidogo kila Jumamosi, na hakuna Jumamosi aliyoikosa. Lakini bwana wa riba alikuwa kama mvua ya kule, hasubiri. Kulikuwa na kopo la fedha, ada ya chuo cha mifugo, ambako Subilaga alikuwa ameshapata nafasi. Alilifungua mwenyewe. Mama yake alimzuia mkono.

"Hiyo ni yako."

"Riba inazaa kila mwezi, mama. Ada haizai."

Deni la mazishi likaisha siku hiyo, na nafasi ya chuo akapewa mtu mwingine. Tusekile alilia, akamshika binti yake mabega, akamwambia, "Siku nikikaa kwenye usukani ule, wewe ndiye wa kwanza kunufaika. Mungu anasikia."

Wa pili alikuwa Tumpe. Aliposikia kwamba mwenzake anahitaji asubuhi tatu kila wiki za kujifunza, alichukua vikapu viwili. Asubuhi hizo alichuma mstari wake, kisha akarukia mstari wa Tusekile, na kwenye mizani akasema, "Hizi ziandikwe kwangu, hizi kwa Mama Subi." Msimamizi alijua, akanyamaza, kwake yeye kilo ni kilo. Kwa hiyo ujira wa Tusekile haukupungua hata wiki moja, na Jumamosi za Subilaga zikawa na cha kulipa. Tumpe naye alikuwa na shamba lake la mahindi, na mahindi yanataka palizi. Jioni alifika nyumbani vidole vimepasuka, hawezi kushika jembe. Magugu yakayameza mahindi. Msimu ule alivuna debe mbili kutoka shamba la kutoa gunia nane, na watoto wake walikula viazi hadi wakavichukia. Tusekile aliliona lile shamba kwa macho yake. Akamwambia, "Tumpe, siku nikikaa kwenye usukani ule, wewe ndiye wa kwanza kunufaika. Mungu anasikia."

Wa tatu alikuwa Ambakisye. Huyu aliendesha magari miaka kumi na minne, hadi ajali ikamlemaza mguu wa kushoto, ule wa klachi. Aliazima pikapu ya kanisa, akawa anamfundisha shemeji yake kwenye uwanja wa mpira, kisha kwenye barabara ya makorongo.

"Shemeji, usiiangalie gia. Lisikilize gari. Likilalamika, badilisha."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Utasikia. Rudia."

Alirudia, gari likazima. Akarudia, likazima. Miezi minne. Fedha ya mtihani na ya leseni Ambakisye alitoa mwenyewe, kwa kuuza ndama wake. Lakini kilichomgharimu zaidi si ndama. Alikuwa ameposa mwanamke wa Kiwira, na mambo yalikuwa yameiva. Maneno yakafika Kiwira: jamaa anashinda garini na mjane wa kaka yake, asubuhi tatu kwa wiki. Wazee wa kule wakamtumia ujumbe achague moja, masomo yale au binti yao. Akawaeleza, hawakuelewa. Alimaliza masomo yale, na posa ikarudishwa. Tusekile alipata habari kwa watu wengine. Alimfuata, akamkuta anafuta vioo vya pikapu. Akamwambia, "Shemeji, siku nikikaa kwenye usukani ule, wewe ndiye wa kwanza kunufaika. Mungu anasikia."

Niwaambie kitu hapa. Msimhukumu haraka. Hakuwa mwongo. Kila aliposema, alimwona aliye mbele yake tu, na machozi yalikuwa ya kweli.

Miezi sita ikatimia. Kikoba kilisema tumemalizana, duka lilisema tumemalizana, bwana wa riba naye alikuwa ameshasema. Leseni ilikuwa mkononi. Mzee Mwaikenda akampakilia kenta magunia hadi juu, akamwambia apande kilima cha kituo cha tatu, asimame katikati, kisha aondoke tena. Tusekile alisimama katikati ya kilima. Gari lilirudi nyuma kidogo, watu wakaruka kando. Kisha likalalamika, akalisikia, akabadilisha, likapanda.

Mzee alimpa ufunguo papo hapo. Halafu akasema, "Sasa nahitaji karani wa mizani, wa kusafiri nawe vituoni, apime na kuandika. Karani na dereva wasipoaminiana, majani yanaibwa au yanaoza. Kwa hiyo utamtaja wewe. Mshahara ni wa kila mwezi. Niletee jina Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kote.

Subilaga alikuja na daftari lake. "Mama, kazi ni ya hesabu. Mwaka mmoja tu, kisha niende chuoni. Nisingelilipa lile deni, Mzee angekufukuza mlangoni. Au kwa kuwa ni mwanao, ahadi yangu inaweza kusubiri kila mara?"

Tumpe alikuja jioni, hakukaa hata alipokaribishwa. "Dada, mimi sijawahi kukuomba kitu. Namba za mizani nazijua, nimepimiwa maisha yangu yote. Subi ni mwanao, mtakula sahani moja hata asipopata kazi. Ambakisye ni wa ukoo. Mimi nani atanikumbuka usiponikumbuka wewe?"

Ambakisye alikuja Jumamosi. Alikaa, akaunyoosha ule mguu wake wa kushoto. "Shemeji, sina mguu wa kuendesha. Kazi ya kurudi garini kwangu imebaki hiyo tu. Vijana hawa watapata nyingine. Na watu wa Kiwira wakiniona na mshahara wa mwezi, huenda wakanisikiliza."

Tusekile alikwenda kwa Mzee Jumapili, akamwomba kazi ile igawanywe, huyu mwezi huu, yule mwezi ujao. Mzee alikataa. "Mizani ikipungua, nimuulize nani? Jina moja."

Akawaita wote watatu nyumbani kwake. Aliwaeleza kwamba Mzee anataka jina moja tu. Aliwauliza kama mmoja wao anaweza kumsamehe ile ahadi. Walitazamana. Subilaga alimtazama Tumpe vidole, Tumpe akamtazama Ambakisye mguu, Ambakisye akamtazama Subilaga. Kila mmoja alijua wengine wanastahili. Hilo halikumfanya yeye asistahili.

"Ungetuambia tangu mwanzo kwamba tuko watatu," alisema Tumpe.

"Mngeacha kunisaidia?" aliuliza Tusekile.

Hadi leo sijui jibu lingekuwa lipi.

Usiku ule hakulala vizuri. Akimtaja binti, watu watasema amekula jasho la wageni akawalipa wa tumboni mwake. Akimtaja Tumpe, atamtazamaje mtoto aliyefungua kopo la maisha yake? Akimtaja Ambakisye, maneno ya Kiwira yatapata miguu upya, maana sasa watakaa gari moja kila siku. Asipomtaja, atakuwa amemfundisha mtu thamani ya wema kwa njia mbaya kuliko zote. Aliwaza amtaje mtu wa nne kabisa ili asiwepo mshindi, akaona huo ni woga uliovaa nguo ya haki.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Tusekile alisimama mbele ya Mzee Mwaikenda. Kitabu cha wafanyakazi kilikuwa wazi mezani, kalamu imeshatiwa wino. Nje, watu watatu walikuwa wamesimama kwenye manyunyu, kila mmoja mbali kidogo na mwenzake.

"Nani?" aliuliza Mzee.

Mimi nilianza kukisimulia kisa hiki nikiwa upande wa Tumpe. Mwaka jana nilihamia kwa Ambakisye. Juzi mwanangu wa mwisho alinitazama kwa namna fulani, nikahamia kwa Subilaga, na nikiri mbele yenu kwamba huko nako sijatulia.

Haya, ninyi mliokaa hapa. Bila jicho la Subilaga, madeni yasingeisha. Bila mikono ya Tumpe, ujira ungekatika. Bila sikio la Ambakisye, leseni isingepatikana. Aliyepoteza chuo, aliyepoteza mavuno, aliyepoteza mchumba: na nafasi ni moja, na ahadi ilikuwa ile ile. Mzee anangoja na kalamu yake. Ungekuwa wewe ndiye umesimama pale, ungetaja jina la nani, na hao wawili wengine ungetoka nje uwaambie nini?