Mkono wa Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa moto, sogeeni. Pakawa giza, sikilizeni.

Hapo kale, enzi ambazo ndege na watu walikuwa wakisalimiana njiani, aliishi mkulima mmoja, Mbaruku, na mkewe Siwatu, karibu na mto wenye ukingo mrefu. Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani mwao lilikuwa ugomvi wa kichwa cha samaki.

"Hicho changu, bwana we," alisema Siwatu.

"Jana ulikula wewe!"

"Na leo nakula tena. Nani kakipika?"

Akakinyakua, akakifyonza mpaka mifupa ikawa myeupe. Wakacheka.

Kesho yake Siwatu alikwenda kuteka maji. Alikuwa mnene, na siku hizo magoti yalikuwa yakimuuma. Alipopanda ukingo na mtungi kichwani, akihema, wanawake wenzake wakapiga kelele, "Taratibu, shoga! Utaudidimiza ukingo wetu!"

Alicheka nao. Walipoondoka alikaa chini akalia.

Punda alikuwa akinywa maji hapo. Akamwambia, "Dada Siwatu, magoti yanauma kweli, nayajua mimi. Punguza wali na tui. Zidisha mchicha, kunde na samaki. Tembea kila siku. Lakini kula ushibe, maana hata mwili unaopungua unataka chakula. Utapungua polepole."

"Polepole mpaka lini?"

"Mpaka utakapopungua."

Korongo alikuwa amesimama majini kwa mguu mmoja, mwembamba kama ufito. Akageuza shingo. "Unashauriwa na huyo? Tumbo lake linaburura majani! Nitazame mimi. Tangu umefika hapa umeniona nikila nini?"

"Sijakuona ukila kitu."

"Haya. Umeshajifunza."

Sasa wasikilizaji, katika nchi ile mume na mke walikula sinia moja, na ilikuwa aibu kubwa kumtazama mwenzako mkono. Atazamaye mkono anahesabu matonge, na ahesabuye matonge ni mchoyo. Kwa hiyo Mbaruku alikula akiangalia mlango, kama alivyofundishwa na mama yake. Pembeni ya jicho lake, mkono wa Siwatu ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Kumbe tonge lilikuwa lile lile, na mwisho liliteremka kando ya mkeka, kwa Paka wao. Minofu ya samaki aliisogeza upande wa mumewe. Mbaruku aliiona minofu hiyo, akadhani ni mapenzi. Nayo yalikuwa mapenzi, lakini hayakuwa mapenzi peke yake.

Mwezi wa kwanza ulipoandama, Mbaruku alisema, "Umependeza, mke wangu."

Mwezi wa pili ulipoandama, alisema, "Umependeza, mke wangu." Kikoi chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kumbana.

Mwezi wa tatu ulipoandama, alimwona Siwatu amejifunika shuka adhuhuri, jua likiwa kali. Nywele zilibaki kwenye kitana kila alipochana. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza. Mbaruku alisema, "Umependeza, mke wangu," kwa sababu alikuwa amezoea kusema hivyo. Kisha akauliza, "Unaumwa?"

"Sijambo."

"Unakula?"

"Si tunakula pamoja?"

Ilikuwa kweli, walikula pamoja.

Siku ya pili yake, jua la utosi, Siwatu alianguka ukingoni na mtungi wake. Wanawake waliokuwa wakimcheka ndio waliombeba. Wakashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, na hakuna aliyetania.

Mbaruku akakoroga uji, akamnywesha kwa kijiko. Ukarudi. Akamnywesha tena. Ukarudi. Akamnywesha tena.

"Acha," alisema Siwatu. "Tumbo limesahau."

"Jitahidi, mama. Kidogo tu."

"Nilikuwa nimebakiza kidogo tu," alisema Siwatu. "Ningepunguza kidogo tena, ningeupanda ukingo bila kuhema."

Alasiri alikata roho, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamemzika.

Watu walipotawanyika, jirani alileta sinia la wali, akaliweka mbele ya Mbaruku. Paka akaja, akakaa kando ya mkeka, akangoja.

"Leo mkono hauji?" aliuliza Paka.

"Mkono gani?"

"Wa Siwatu. Mkono huo ulinipa wali. Ulinipa kunde. Ulinipa samaki. Huoni nilivyonenepa?"

Mbaruku alimtazama. Paka alikuwa amenenepa kweli.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukutazama?"

Mbaruku akauliza, "Nani alimfundisha?"

"Korongo, nani mwingine? Na Korongo mwenyewe anakula kuliko sisi sote. Mimi nikirudi kutoka kuwinda panya alfajiri namwona. Hainui shingo. Akisikia mitungi inakuja, anakunja mguu mmoja, anatulia."

Mbaruku hakuligusa sinia lile.

Asubuhi yake, kabla hakujapambazuka, aligonga mlango wa kila nyumba iliyokuwa na mwanamke wa kuteka maji. "Njooni," alisema. "Mitungi iacheni." Wakamfuata, maana mfiwa hakataliwi, wakaketi naye kwenye matete ya mtoni bila kunong'ona. Mikononi hakuwa na rungu wala jiwe.

Korongo akashuka. Akatumbukiza mdomo majini, akainua shingo, akameza.

"Kambare," alisema Mbaruku kwa sauti ya kawaida.

Korongo akashtuka, akatazama matete. Lakini njaa ya asubuhi ilimshika, akadonoa tena.

"Chura," alisema Mbaruku.

Korongo akataka kujitetea, lakini koo lilikuwa limejaa.

"Kaa," alisema Mbaruku. "Kambare mwingine. Chura mwingine."

Kati ya wanawake wale alikuwapo msichana aliyekonda, amejifunga kanga mara mbili kiunoni ili isimdondoke. Akaziba mdomo kwa kiganja. Mama yake aligeuka akamtazama mkono, akautazama waziwazi, bila aibu, na hakuuacha.

Mbaruku hakugeuka. Alikaa akaendelea kutaja, kimoja kimoja, mpaka Korongo aliposhiba. Ilichukua muda mrefu sana.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mwenye njaa na aseme.