Chui na Ngoma ya Kilimani

Paukwa? Pakawa.
Masikio mmekuja nayo? Tumekuja nayo.
Basi yategeni.

Palikuwa na msitu wenye ngoma moja tu, kilimani. Aliyepotelewa na mtoto alipigiwa ngoma. Aliyefiwa alipigiwa ngoma. Mto ukifurika, ngoma. Mlinzi wake alilishwa na wanyama wote, kila nyumba konzi moja ya nafaka, ili asiwe mtumwa wa yeyote.

Mwaka ule msitu ukachafuka. Nyati akampindua Tembo, akatawala. Kifaru akampindua Nyati, akatawala. Chui akampindua Kifaru, akatawala, akasema, "Ngoma ifungwe, wasije wakaitana mkutanoni." Kwale, mlinzi wa ngoma, akakataa. Tuliokota manyoya tu.

Akawekwa Pimbi, mdogo wa umbo, baba wa watoto wanne.

"Tangu leo utakula jikoni kwangu," Chui akamwambia.

"Nimesikia, Mtukufu. Amri ni ya wote, au kuna wa kuachwa?"

"Wote. Atakayeipiga atakufa."

"Basi itie ukucha, nisije nikasahau."

Chui akachora kwenye gome la mti, kwaruu! Pimbi akalitundika juu ya ngoma.

Mto ukafurika, ngoma kimya. Mtoto wa Swala akasombwa na maji, ngoma kimya. Mama yake alimwita siku tatu, mpaka sauti ikamkauka. Hapa mimi hushindwa kuendelea, lakini ngoja niendelee.

Siku ya nne Chui akatumbukia kwenye shimo la wawindaji, puu! Akamtuma Kunguru.

"Ndugu Pimbi, piga ngoma, walinzi waje wamtoe mfalme."

"Atakayeipiga atakufa. Nina watoto, ndugu yangu."

"Mfalme anaifuta amri."

"Aliitia kwa ukucha, aifute kwa ukucha."

Pimbi akaenda na gome jipya, akaliangusha shimoni. Lilisema: ngoma si ya mfalme, atakayetawala asiiguse, wala asimlishe mlinzi wake. Wawindaji hukagua mashimo jioni, na jua lilikwisha pinda. Chui akachora, kwaruu!

Ndipo ngoma ikalia, ndu! ndu! ndu! Wanyama wote wakaja. Hakuna aliyemgusa Chui. Wakaketi ukingoni, wakafungua mkutano: atolewe au asitolewe? Kila mmoja akapewa zamu ya kusema. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Swala, na hakuwa na haraka.

Ngano yangu imekomea hapo; mwenye ndefu zaidi aongeze. Funzo lake, wanangu: mtiini mkubwa wenu, neno kwa neno.