Kiu ya Zimwi la Pampu

Nyamazeni, nianze. Aliye tayari aitikie. Haya!

Palikuwa na Makame na mkewe, Mama Saumu. Uani mwao kulikuwa na kisima cha kina kifupi chenye pampu ya mkono, na ndani ya bomba lake liliishi zimwi.

Siku moja ya kiangazi pampu ikagoma. Ndani ya nyumba mtoto wao Saumu alikuwa anawaka homa, na maji yaliyobaki yalikuwa kata moja tu.

Makame akavuta mpini. Bomba likakoroma, "Kavu!"

Akavuta kwa nguvu zaidi. "Kavu!"

Akachukua nyundo, akalipiga. Zimwi likanguruma hadi ardhi ikatetemeka: "Kavu! Nipige tena nikumeze!"

Mama Saumu akatoka na ile kata.

"We Mama Saumu, una wazimu? Hayo ni ya mtoto!"

"Baba Saumu, kwetu hata mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa shida yake. Huyu tunaishi naye mwaka wa saba, na kazi yetu ni kumdai tu."

Akayamimina yote mdomoni mwa pampu. Zimwi likayagugumia.

Ndani, Saumu akalia, "Mama, maji!"

Mama Saumu akasukuma mpini. Hewa. Akasukuma tena. Hewa. Mara ya tatu mpini ukawa mzito, na maji yakamrukia miguuni.

Tangu siku hiyo, kata moja haikosi kando ya pampu ile. Anayeijaza ni Makame, naye hachoti tone kabla hajainama na kuuliza, "Mwenzetu, umeshakunywa?"

Yangu nimeyamimina yote.