Sufuria la Pilau na Karata Moja

Kumi na moja si ishirini na moja. Mliisikia jana, wanangu, mkacheka, mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Mzee Mhina wa Muheza alikuwa anamwoza binti yake kesho yake. Akina mama wa mtaa wakamwazima sufuria lao la pilau, lile la watu mia, ambalo mtaa mzima lilikuwa hilo hilo moja. Akalibeba kichwani, ndani yake kuna jogoo wa supu. Njiani akapita barazani kwa Semboja, mcheza karata za ishirini na moja. Humo unajumlisha karata zako. Anayeikaribia ishirini na moja bila kuipita ndiye mshindi.

Mhina akaweka dau jogoo. Akapata sita na tano: kumi na moja! Karata ya Semboja iliyo wazi ilikuwa sita, karata dhaifu. Hapo ndipo mabingwa huzidisha dau mara mbili.

"Nazidisha!"

"Kwa jogoo yupi wa pili?"

Mhina akaligonga sufuria, ngwee!

"Hilo la akina mama, bwana!"

"Nitaondoka nalo sasa hivi. Kumi na moja hii! Ishirini na moja naiona ile pale."

"Ukizidisha unapata karata moja tu. Moja!"

"Lete, acha maneno."

Ikaja mbili. Kumi na tatu! Semboja akafunua kumi, akavuta nne. Ishirini. Kabla ya adhuhuri sufuria lilikuwa juu ya gari la Korogwe, likienda kwa dada yake Semboja anayeuza supu.

Kesho yake akina mama walipokuja na mchele, Mhina alikuwa amejificha nyuma ya choo.

"Mama zangu, nilikuwa na kumi na moja!" akalia.

"Na bibi arusi atakula hiyo kumi na moja?" akauliza Bi Mwantumu, kiongozi wao.

Pilau likapikwa katika vijisufuria thelathini na nne, vya kila nyumba. Hiki chumvi tele, kile kimeungua, kingine hakikuonja hata iliki. Wakwe wakala huku wakitazamana. Mhina, macho mekundu kwa kupuliza mafiga yote yale, akanyoosha sahani.

"Niongezeeni basi, si naona vitatu bado vimejaa."

Bi Mwantumu akauinua upawa juu. "Vimejaa, lakini wageni wengine wa bwana arusi bado wako njiani. Rudisha sahani, baba. Kumi na moja si ishirini na moja."