Mlango wa Bati wa Buhongwa

Macho ya binadamu yana haraka. Yakiona geti refu na vigae vinavyong'aa, hushuhudia kuwa humo mna raha. Yakiona ukuta usiopigwa lipu na mlango wa bati ulioshika kutu, huamua kuwa humo mna taabu, na uamuzi huo hutolewa kabla hodi haijabishwa. Wahenga walioujua udhaifu wa macho walituonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Odeta aliisoma methali hiyo akiwa darasa la tano, akaitolea maana kwenye mtihani na kupata alama zote. Kuielewa kulimchukua miaka mingine ishirini.

Siku hizi Odeta anaishi Buswelu, katika nyumba yake mwenyewe yenye maji ya bomba hadi jikoni. Ni nyumba aliyoiombea kwa Mungu, na hathubutu kuisema vibaya. Lakini jioni, anapoketi barazani na uzio umemzunguka pande zote, moyo humtoka taratibu ukarudi Buhongwa, kule kwenye mawe.

Wakati ule yeye alikuwa karani katika ofisi moja ya Nyamagana, na mumewe, Gidion, dereva wa lori. Walikuwa wamepanga katikati ya mji, karibu na ziwa, mpaka kodi ilipopanda ikawa mzigo usiobebeka. Gidion akatafuta huku na huko, akapata nyumba ya vyumba vitatu Buhongwa kwa kodi ambayo mjini isingetosha chumba kimoja. Siku ya kuhamia, Odeta aliitazama nyumba hiyo kuanzia juu hadi chini: tofali tupu za saruji, mabati ya paa yaliyokandamizwa kwa mawe, choo cha nje, na mlango wa bati uliolia kama mbuzi aliyefungwa kila ulipoguswa. Gari halikufika pale. Kutoka barabarani mtu alipanda kwa miguu katikati ya majabali makubwa kama ng'ombe waliolala. Odeta aliingia chumbani, akaketi juu ya furushi la nguo, akalia.

Aibu ikamfunga mdomo. Kazini hakumwambia mtu amehamia wapi. Mama yake, Bibi Kashindye, aliishi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na kila alipopiga simu kusema anataka kuja kumwona mjukuu wake Queen, Odeta hakukosa kisingizio. Mara nyumba inapakwa rangi, mara Queen ana mitihani, mara Gidion yuko safarini. Alimwacha mama aamini kwamba bado wanaishi mjini. Mwaka ukapita hivyo. Bibi Kashindye alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi sauti yake kwenye simu ilizidi kuwa nyembamba. Odeta aliisikia ikipungua, moyo ukamuuma, na bado alimwomba asubiri kidogo.

Buhongwa, kwa upande wake, haikusubiri azoee. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Selina, mjane wa Kijita kutoka pande za Musoma, aliyekaanga samaki na kuwauza pale chini barabarani. Wiki ya kwanza alileta sahani ya sato waliofunikwa kwa kitambaa. Wiki ya pili alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko, na Odeta hakujua kama akereke au aone fahari. Asubuhi wanawake walipanga ndoo kwenye bomba la mtaa, na habari zote za dunia zikapangwa hapo pamoja na ndoo. Queen alikula alipokutwa na chakula. Mama yake akimwita, jibu lilitoka nyumba ya tatu au ya nne. Umeme ulipoisha kwa mmoja, waya ulivutwa dirishani kutoka kwa mwingine. Jioni, ukipanda juu ya jabali la nyuma, uliliona ziwa kwa mbali limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Odeta aliyaona yote hayo, lakini aliyaona kama abiria anavyoona vituo vya njiani. Akili yake ilikuwa kwenye siku ya kuondoka.

Siku moja ya Jumatano, mwezi wa tisa, jua likiwa kali, Bibi Kashindye alichoka kusubiri. Alivuka na kivuko cha Kamanga bila kumwarifu mtoto wake, na alipokanyaga mjini akampigia mkwewe simu. Gidion alikuwa Kahama na mzigo. Alimweleza ukweli, kwamba walihama zamani, wanakaa Buhongwa, na akamwelekeza hadi mlangoni. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alikuwa tayari kuelewana naye kwa kila jambo, ila si kwa kumdanganya mama mkwe.

Bibi Kashindye aliyapanda yale mawe saa saba mchana. Alikuwa amemeza dawa yake ya sukari alfajiri, na kwa pupa ya safari hakutia kitu tumboni. Alipofika alikuta mlango wa bati umefungwa kwa kufuli, akaketi kizingitini. Selina alikuwa akiparua samaki uani kwake. Alimwona mama mgeni, akanawa mikono, akaenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

Marahaba iliyomjibu ilitoka imekatikakatika. Selina akatazama vizuri. Jasho lilikuwa likimtiririka mgeni kama aliyemwagiwa maji, na macho yake yalitangatanga. Marehemu mume wa Selina aliugua ugonjwa huohuo miaka saba, na dalili hizo alizijua kama anavyovijua vidole vyake. Hakuuliza huyu ni nani wala ametoka wapi. Alikimbilia ndani, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamkumbatia mama yule na kumnywesha funda kwa funda, huku akimwita Nathaniel kwa sauti.

Nathaniel alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyumba mbili chini. Siku hiyo alikuwa amemaliza kitanda cha mteja na kukipaka vanishi. Aliposikia kuwa kuna mgonjwa na gari haliwezi kupanda, hakufikiri mara mbili. Kitanda kilibebwa kikiwa bado kinanata, Bibi Kashindye akalazwa juu ya kanga za Selina, na wanaume wanne wakamteremsha kati ya majabali, hatua kwa hatua, wakipokezana miguu ya kitanda kama wabebao yai. Chini barabarani bajaji ilishasimamishwa.

Odeta alipigiwa simu akiwa ofisini. Alipofika kituo cha afya alimkuta mama yake ameketi, anakunywa uji kutoka mikononi mwa Selina, na wote wawili wakizungumza habari za dagaa. Mganga alimvuta pembeni, akamweleza kwamba mama amefika akiwa hai kwa sababu alipewa sukari mapema. Angekaa pale kizingitini nusu saa zaidi bila mtu kumwona, pengine wangekuwa wakizungumza mambo mengine. Odeta akaikumbuka nyumba yao ya mjini, kuta zake ndefu, na jirani waliyeishi naye miaka minne bila kujua jina lake.

Walipobaki wawili, Bibi Kashindye alimgeukia mtoto wake.

"Ulikuwa unanificha nini, Odeta?"

"Nyumba, mama. Niliona aibu uione."

"Mimi niliolewa kwenye nyumba ya udongo, mlango wake mkeka. Mama yangu alipokuja, nilikunja mkeka akaingia." Akafuta midomo kwa upindo wa kanga. "Umeninyima mjukuu mwaka mzima kwa sababu ya bati."

Odeta aliinamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake kama alivyofanya utotoni, na mama akamwacha alie mpaka aliporidhika.

Bibi Kashindye hakurudi Sengerema wiki ile, wala mwezi ule. Alikaa Buhongwa miezi minane. Alipanda mchicha katika vipande vya udongo kati ya mawe, akawafundisha wanawake wa bombani kukausha michembe ya viazi vitamu juu ya majabali, na mchana alikaa kivulini na Selina wakichambua mchele na kusengenya kwa kiasi. Queen aliongozana naye kila mahali. Odeta akitoka kazini alikisikia kicheko cha mama yake tangu barabarani, kabla hata ya kuanza kupanda. Hapo ndipo alipoacha kuhesabu siku za kuondoka, na kazini, alipoulizwa anakaa wapi, akajibu bila kumung'unya maneno.

Mwaka uliofuata Bibi Kashindye alirudi kwake shambani, na baada ya masika alifariki akiwa usingizini. Odeta alidhani atazika na ndugu peke yao. Asubuhi ya mazishi, kivuko kilipoegesha upande wa Kamanga, walishuka watu thelathini na mmoja wa Buhongwa, Selina akiwa mbele na sufuria kichwani, Nathaniel nyuma yake na mbao za msalaba begani. Wengine walikuwa wamefunga biashara zao, wengine wameomba ruhusa kazini. Walipika, walichota maji, walichimba kaburi, wakakaa hadi siku ya tatu.

Ndiyo maana Odeta, jioni zake za Buswelu, hulia kidogo na kutabasamu kidogo. Mtu akimuuliza ni nyumba gani bora aliyopata kuishi, haoneshi ile aliyoketi mbele yake. Hutaja ile ya tofali tupu juu ya mawe, alikokataa kwa mwaka mzima kumkaribisha mama yake, kwa sababu hakuwa bado amejua kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.