Mchungwa wa Semboja

Chungwa lisilo na kokwa, ghala lake ni jirani. Mmeyasikia maneno haya asubuhi hapa kitaluni, mkaniuliza yametoka wapi. Nitawaambia, ila mikono isiache kufunga miche. Yalianzia hapa hapa Muheza, kwa mkulima aliyeitwa Semboja.

Semboja alitaka chungwa ambalo mlaji hatemi kitu. Kila msimu wa maua alichukua unyoya wa kuku, akakusanya nao chavua ya mchenza, akaipaka kwenye maua ya mchungwa, kisha akayafunga kwa vitambaa ili nyuki wasimvurugie kazi. Kokwa zilizopatikana alizipanda. Miaka kumi na miwili, miche sitini na mitatu. Mmoja tu ukazaa matunda matamu yasiyo na kokwa hata moja.

Tangu siku hiyo hakutulia. Aliuzungushia miiba. Akiwa msibani, ubwabwa haujapakuliwa, yeye ameshashika njia ya shamba kwenda kuutazama.

Jirani yake Bi Mwamvita, fundi wa kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo, kijiti cha mti mmoja, kwenye shina la mwingine, alimfuata.

“Semboja, nipe kikonyo kimoja nikibebeshe kwenye mlimau wangu.”

“Nikikupa wewe, kesho Muheza nzima wanacho.”

“Basi kata ubebeshe mwenyewe.”

“Niutie kisu? Bado mdogo huu.”

“Mdogo! Umekuzidi kimo, shemeji.”

Hakukata. Wasiwasi ukamtuma kazi nyingine: kila siku alimwagilia, kila wiki alirundika samadi, mpaka shina likazama kiasi cha goti. Nanyi mnajua, mchungwa haupendi kufukiwa shina. Utomvu ukaanza kutoka, majani yakawa manjano.

Alipofukua, gome lilibanduka mkononi. Akachuma matunda yote yaliyobaki, akaketi chini akiyapasua moja moja. Alikuwa akitafuta kokwa. Ile aliyoikimbia miaka kumi na miwili, sasa aliitaka moja tu apande. Hakuipata.

Juu kabisa kilikuwa kimebaki kitawi kimoja kibichi. Alikikata, akakifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akakimbia nacho hadi kwa jirani.

“Bi Mwamvita, nimeuua kwa mkono wangu.”

Yule mama hakumcheka. Alinoa kisu, akahesabu macho ya kile kitawi, pale machipukizi yanapotokea. Yalikuwa matano. Akayabebesha kwenye miche mitano ya limau. Matatu yalikauka, mawili yakashika.

Mwaka wa tatu miti ile miwili ikazaa, shambani kwa Bi Mwamvita. Semboja akaja, kofia mkononi.

“Naomba kikonyo.”

Bi Mwamvita akamtazama, akakunja mikono. “Nikikupa wewe, kesho Muheza nzima wanacho.”

“Na wawe nacho,” alisema Semboja. “Mimi nataka msibani nile ubwabwa nimalize.”

Wakacheka mpaka Bi Mwamvita akaangusha kisu. Alimkatia fungu zima. Semboja akapita nyumba kwa nyumba akigawa, na kila alipomkabidhi mtu kikonyo alimwachia na maneno yale mliyoyasikia asubuhi.

Miche mnayoifunga sasa imetokana na kile kitawi. Jioni kila mmoja wenu achukue miwili: mmoja apande kwake, wa pili ampe mtu. Chungwa lisilo na kokwa, ghala lake ni jirani.